Kocha Aliyesikiliza Miguu

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena. Nilianza kwa kusukuma toroli la maji, nikafika kumiliki mashine za kufyatulia tofali, malori mawili na nyumba ya Area D, hapa Dodoma, yenye geti linalofunguka lenyewe. Mtu aliyepita njia hiyo ameshaona kila kitu. Nimeona mhandisi akisimamia ukuta ukaanguka kabla hajashuka kwenye gari. Nimeona mbuzi akila hati ya kiwanja, na wenye kiwanja wakimfuata nyuma mpaka jioni wakisubiri. Kwa hiyo wanaosema mjini kwamba nimerogwa na bibi kizee mmoja wa Msalato, na kwamba ndiyo maana nimekataa kuuza kiwanja ambacho kila mwenye akili angekiuza, wakae wasikilize. Sijarogwa. Darasa la saba mimi, na nusu ya darasa hilo nililisomea nje ya dirisha, lakini haya naandika kwa mkono wangu. Nitaeleza huyo mama ni nani. Mwisho nitaitaja na bei yenyewe, maana nayo wameitia chumvi.

Kiwanja ni mteremko. Juu changarawe, katikati changarawe, chini mchanga. Nilikinunua wakati Msalato ni vichaka na njia za mbuzi, na walionicheka wakati ule ni haohao wanaonicheka sasa. Uwanja wa ndege ulipoanza kujengwa walinyamaza kidogo. Siku nilipokwenda kukikagua kama mwenye mali, nilimkuta mwanamke amesimama chini kwenye mchanga, mrefu, mkavu, kitenge kimekazwa juu ya suruali ya michezo. Ameupa mteremko mgongo. Nyuma yake wasichana wanapanda mbio, mmoja mmoja, kila mmoja anakokota tairi la lori kwa kamba.

Nikamwambia hapa ni kwangu, nimenunua.

Hakugeuka. Alinyanyua kidole. "Subiri baba, namsikiliza mtu."

Nikasubiri. Mimi, kwenye kiwanja changu mwenyewe, nikasubiri. Yule msichana alipofika juu, ndipo mama akanigeukia, akaniangalia viatu kwanza, halafu uso. "Hongera kwa kununua," akasema, halafu akanisalimu kwa Kigogo. "Mbukwa. Unataka tuhame leo au tumalize mazoezi?"

Nilimwambia amalize. Miaka imepita, na mpaka naandika haya hajamaliza.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sikuuliza. Najua alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na najua ana dada yake mkulima huko Kibakwe, kwenye milima. Kila mtu anamwita Kocha. Hata mchungaji wake anamwita Kocha akimtangaza kanisani. Yeye mimi ananiita tajiri, na anavyolitamka neno hilo mtu unaweza kudhani ni jina la ugonjwa.

Kazi yake ni kutengeneza miguu ya kufyatuka. Nasema kufyatuka kwa sababu ndilo neno lake. Si miguu minene ya kupigia picha, wala miguu ya kutembea mbali kama ya wachungaji wa ng'ombe. Miguu inayoondoka ardhini ghafla, ya kuruka juu, ya kuruka mbali, ya mbio fupi. "Wewe unafyatua tofali, mimi nafyatua miguu," aliniambia siku moja alipokuja yadi kwangu kuchagua tairi. "Tofauti ni kwamba zako zikipasuka unatengeneza nyingine."

Tairi lenyewe alilichagua kama watu wanavyochagua mchumba. Alipita mlima mzima wa tairi chakavu akizipiga teke. Nililompa akalikataa, bado lilikuwa na meno. Alitaka lenye upara kabisa, kwa sababu lenye meno linakwama na kuachia, linakwama na kuachia, na msichana anayelikokota anajifunza kushtuka. Lenye upara linateleza sawasawa. Nikamwambia nitampelekea na lori. Akasema lina miguu yake, akaliviringisha mwenyewe mpaka barabarani, vijana wangu wakimtazama kama wanaona sinema.

Vifaa vyake vingine vyote ni vya namna hiyo. Mkanda wa kiti cha gari, unafungwa kiunoni, kamba ya tairi inashikizwa hapo. Tyubu za baiskeli na za lori zimekatwa vipande virefu, zimefungwa kwenye nguzo, na msichana anaruka huku mpira unamvuta arudi chini. Viroba vya mchanga vya kubeba mabegani. Na tofali zangu za inchi sita, anazipanga ngazi kwa ngazi, anaongeza moja, anawaambia waruke juu yake wakiwa wamesimama, bila kukimbia. Wakishuka hataki kusikia kitu. Huo ni mwiko wake mkubwa. "Mnapoondoka nataka nisikie. Mnapotua nisisikie. Paka amewazidi nini?"

Sasa, mimi najua mizigo. Hakuna mtu Dodoma wa kunifundisha mizigo. Kabla ya tofali nilikuwa nashusha na kupakia saruji kwenye ghala moja, miaka mingi, na ndiko nilikopata mtaji. Kwa hiyo nilipoona tairi lake halina kitu ndani, nilimwambia ajaze mchanga, ajaze mawe, aone kama hawatapata miguu ya tembo.

"Tembo anaruka?" akaniuliza.

Nikageukia tairi, kwa sababu sijawahi kumwona akiruka.

Kanuni yake ya uzito haina kilo. Tairi likikufanya utembee, ni zito mno. Likikuacha ukimbie kana kwamba halipo, ni jepesi mno. "Nataka likushike shati tu," anawaambia, "kama mtu anayekuita hujamaliza kuagana naye." Basi anaongeza mchanga kopo moja, anapunguza kopo nusu, na kila mara anageuza mgongo, anasikiliza. Hapo ndipo nilipokuwa nampinga sana. Niliamini ni maigizo. Mganga ana usinga, yeye ana mgongo.

Kilichonichefua zaidi ni mapumziko. Msichana anapanda mteremko mara moja, kwa nguvu zake zote, ni muda wa kupiga chafya, halafu anarudi taratibu, anakaa chini na wenzake wanatafuna karanga. Wanapiga stori. Wanasukana. Halafu anaitwa tena. Nilivumilia, nikashindwa.

"Kocha, hawa wako mazoezini au kwenye kicheni pati?"

"Wanapumzika, tajiri."

"Wamefanya nini cha kupumzikia?"

"Mguu uliochoka haujifunzi kufyatuka. Unajifunza kuburuza. Ukiufundisha kuburuza kila siku utakuwa hodari wa kuburuza."

"Mimi nilishusha saruji tangu asubuhi mpaka jua linazama, na hakuna aliyenipa karanga."

"Ndiyo maana unapanda ngazi kwa kushika ukuta," akasema, na wasichana wakaangalia chini ili nisiwaone wanavyocheka.

Ni kweli goti langu la kulia lina kelele. Linalia kama bawaba ya mlango wa stoo. Lakini goti hilo limejenga nyumba, limesomesha watoto, na sikuona sababu ya kulisikiliza likisemwa na mtu anayefundisha kuruka tofali. Tulibishana mpaka nikasema tupime. Nikasema nitaleta watu wangu wanne wa kushusha saruji, yeye alete wanne wake, tuone nani ana miguu.

Waje wote, akasema, ila watakuja kuruka.

Katika watu wangu yupo mmoja tunamwita Kifua. Kifua anabeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo, mmoja kila bega, na anapanda ubao wa lori akiimba. Nilimleta kama mtu anavyoleta bunduki kwenye ugomvi wa fimbo. Kocha alipanga tofali, kimo cha kwanza wakapanda wote. Akaongeza. Wakapungua. Akaongeza tena, na kwa upande wangu akabaki Kifua, kwa upande wake akabaki kisichana kimoja cha kidato cha tatu, chembamba, soksi moja nyeupe na moja ya bluu. Kale kasichana kakasimama, kakashusha nyonga kidogo, na kakawa juu. Sikuona kalivyofika. Sikusikia kalivyotua pia.

Kifua akachuchumaa, akavuta pumzi, akapaa kama friji. Alianguka na tofali zote, akakaa katikati yake anajiangalia mikono.

"Mama, huyu mtoto ana springi," akasema.

"Na wewe unazo," Kocha akamjibu. "Zimefukiwa na saruji tu."

Nikadai tushindane kubeba. Kocha akakataa, akasema huko mtashinda ninyi, nani amebisha? Nikarudi nyumbani nimenuna. Mke wangu akaniuliza nimeshindwa na nani, nikamwambia na tofali zangu mwenyewe.

Ubaya ukawa kwamba Kifua alianza kwenda Msalato kila Jumamosi. Akarudi na maneno. Akasema hatabeba tena mifuko miwili kwa mpigo, atabeba mmoja mmoja ila upesi, na atakaa chini kati ya lori na lori. Nilimfokea mbele ya watu. Alikaa chini vilevile. Nilichokiona baadaye nakisema kwa sababu nasema ukweli: ikifika jioni, wenzake wanachechemea, yeye anaruka mtaro. Sikumsifu. Lakini sikumfokea tena.

Msidhani namchora malaika. Kocha ana mambo yake. Huyu anayehubiri mapumziko hapumziki. Nimemkuta anashona viroba huku anakula, huku anakemea mtu kwenye simu. Anafundisha watu kuruka juu na yeye mwenyewe anaogopa kimo kiasi kwamba hapandi hata stuli kubadilisha balbu, anaita jirani. Anawakataza wasichana chips mayai, anawasifia ugali wa uwele na mlenda mpaka unadhani ana shamba la kuuza, na mimi kwa macho yangu nimemkuta kibandani nyuma ya stendi, ameinamia sahani ya chips mayai, na pilipili kaimwaga yote.

"Shikamoo Kocha," nikasema, kwa sauti, kila mtu asikie.

"Marahaba tajiri. Hiki si chakula, ni utafiti."

Na masikio yale, yanayodai kusikia unyayo uliochoka kutoka mbali, yakifika kwenye kwaya yanakufa kabisa. Anaimba nje ya sauti tangu ubeti wa kwanza mpaka amina. Wanamweka mstari wa nyuma, karibu na dirisha. Nilimwuliza anasikiaje miguu asisikie wimbo. Akasema wimbo haujawahi kuumia.

Pia ni mbishi, na hapa nataka kueleza vizuri, kwa sababu mbishi ninayemjua zaidi ni mimi, na yeye si mbishi wa namna yangu. Alikuja mhadhiri mmoja wa michezo, bado kijana, kutoka chuo kimoja cha hapa mjini, amesikia habari zake. Alikuja na simu inayopiga picha za taratibu, unaona mguu unavyoondoka ardhini kidogokidogo kama unaota ndoto. Nikavuta kiti. Nilitaka kuona wasomi wawili wanavyovuana nguo. Badala yake Kocha akamnyang'anya simu kwa furaha kama mtoto, akatazama, akarudisha, akatazama tena. Akauliza maswali. Yule mwalimu akamwambia wasichana wake wanafyatuka vizuri lakini hawana msingi. Kwamba kuna msimu wa kuchuchumaa na mzigo mzito, polepole, kujenga nguvu yenyewe, ndipo uje msimu wa kuruka. Kocha akabisha. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Halafu akauangalia mteremko, akasema, "Kwa hiyo nimekuwa naezeka bati juu ya ukuta mbichi."

"Si wote, Kocha," yule mwalimu akasema. "Wengine walikuja na msingi wao, wamelima, wamechota maji."

"Waliobaki je?" Akanigeukia. "Tajiri, nitahitaji viroba vingine. Vikubwa."

Msimu ule wasichana walichuchumaa na viroba vizito, taratibu, na mazoezi ya kuruka yakawekwa kando. Mimi nilifurahi sana. Nilikwenda makusudi kumwambia: si nilikwambia uzito? Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unadanganya watu.

"Nilikuwa najua nusu," akasema. "Wewe unajua robo na unajenga ghorofa."

Mtu akikutukana hivyo na huku anacheka, huna pa kushika.

Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna mwalimu wala simu iliyombadilisha msimamo, nalo ni ardhi. Ukimwuliza kwa nini asihamie uwanja wa shule, au pembeni ya lami mpya, anasema lami inadanganya na nyasi zinanyamaza. Uwanja wa shule ni vumbi, unameza kila kitu. Changarawe ya mteremko ule, anasema, unyayo ukiigusa inasema kweli. Wakati wa masika, matope yakijaa, anawapeleka wasichana Kibakwe kwa dada yake, wanaruka matuta ya milimani, na anarudi ananung'unika kwamba milima ile ni mizuri kwa mapafu lakini haina sauti. Ndiyo kusema hana pengine. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu wanaonicheka wanasema angehamia popote.

Na nataka lieleweke pia kwamba hasikilizi kwa ajili ya sifa. Alikuwepo msichana mmoja, mrukaji bora aliyepata kumfundisha, mwenyewe anakiri. Baba yake afisa mkubwa, mmoja wa hawa waliohamia na serikali. Ilikaribia safari ya mashindano, jezi zimeshonwa, na siku moja katikati ya mazoezi Kocha akanyanyua mkono, akamwambia yule binti akae, hataruka tena mpaka amwambie. Binti akasema hana tatizo. Kocha akasema mguu wa kushoto unachelewa kuaga. Kesho yake baba akaja na gari mpaka kwenye mchanga.

"Mama, mwanangu hana maumivu. Nimemwuliza mwenyewe."

"Mzee, ungekuwa na umri wake na safari ya ndege mbele, ungesema una maumivu?"

"Daktari hajamwona. Wewe umemwona?"

"Sijamwona, nimemsikia. Mpeleke kwa daktari, akisema mzima nitapiga magoti hapa mbele yako. Gari lako likianza kugonga unalipeleka gereji. Mguu unagonga, unaupeleka mashindanoni?"

Baba hakumpeleka kwa daktari, ila kwa kocha mwingine. Yaliyompata huko siyajui na sitayabuni. Najua tu hakurudi Msalato, na Kocha hakumtaja tena. Mkanda wake, ule wa kiti cha gari, unaning'inia mpaka leo kwenye msumari wa nguzo, na mwingine akiugusa anaambiwa achukue wa pembeni.

Sasa nije kwenye biashara.

Mnunuzi alitoka Dar es Salaam. Alitaka kujenga loji karibu na uwanja wa ndege, na mteremko wangu ulikuwa mahali penyewe. Angeleta greda, ausawazishe, amwage kokoto, amalize. Dalali alinipigia mpaka simu ikawa moto. Nikakubali. Ndiyo, nilikubali, na naliandika bila aibu, mimi ni mfanyabiashara, sikununua vichaka vya Msalato ili nisikilizie ndege. Wakili akaandaa karatasi, nikamlipa. Dalali nikampa chake cha mwanzo. Kilichobaki kilikuwa sahihi yangu.

Mke wangu akaniambia kitu kimoja tu: "Kamwambie mwenyewe. Usimtume Kifua."

Nikaenda alasiri, upepo wa Dodoma unapeperusha vumbi kama kawaida yake. Kocha siku hizi nyonga inamsumbua, hasimami tena. Nilimkuta amekaa juu ya lile tairi la yadi kwangu, lile alilolichagua kwa mateke, fimbo katikati ya miguu, mgongo kwa mteremko. Wasichana walikuwa watano, wanapanda kwa zamu. Kifua alikuwa juu, anapokea kamba.

"Shikamoo Kocha."

"Marahaba tajiri. Kaa hapa."

"Nina haraka kidogo, nilikuwa na neno."

"Neno halina miguu, halitakimbia. Kaa. Usigeuke."

Nikakaa kwenye tairi la pili, goti likalia. Tukatazama mchanga na barabara, watu wawili waliopewa adhabu darasani. Nyuma yetu mtu akaondoka. Kra, kra, kra, kra, na sauti ya tairi ikipanda nyuma yake, shaaa. Kimya. Mwingine. Kra, kra, kra. Nilisikia kelele, basi. Nilikuwa napanga maneno yangu kichwani: Kocha, unajua mambo ya mjini, Kocha, mimi nina watoto.

Zamu ikazunguka, ikaanza tena. Katikati ya zamu hiyo kitu kikaniingia mwilini kabla hakijafika kichwani. Mmoja wao, unyayo ulikuwa unakaa. Si kwamba alikuwa mwepesi au mzito. Unyayo uligusa changarawe, ukabaki kidogo, kama mtu anayeomba ruhusa, ndipo ukaondoka. Kra. Kraa. Kraa.

Sauti hiyo naijua. Ni yangu. Ni sauti ya miguu yangu kwenye ubao wa kupakilia lori, kule ghalani, mfuko kichwani, jua la saa nane. Na palikuwa na nyapara, mtu mwenye masikio mazuri kuliko yote niliyopata kuyajua; alikaa kivulini ametupa mgongo, anapiga soga, na unyayo wako ukianza tu kukaa kwenye ubao, anagonga debe. "Wewe! Miguu!" Bila kugeuka. Hakukosea hata mara moja. Alikuwa anasikia mchoko wetu kama huyu mama anavyousikia. Ila yeye akiusikia anagonga debe, na wewe unaongeza mwendo. Siku goti langu liliposema basi, lilisema katikati ya ubao, na debe lilikuwa linagongwa, wala halikuacha kugongwa kichwani mwangu tangu siku hiyo.

"Nani?" Kocha akauliza. Polepole, kama anauliza saa.

"Huyu anayepanda sasa," nikasema.

Akanyanyua mkono juu, hakugeuka. Huko juu Kifua akaita, "Imetosha, dada, vua mkanda." Nikasikia mkanda unaanguka. Baadaye yule msichana akapita mbele yetu, anahema, anafuta uso kwa kanga, na Kocha akamsogezea bakuli la karanga. Msichana akakaa chini. Hakuna aliyemgombeza, hakuna aliyegonga debe. Alichagua karanga zilizoungua kidogo, akatafuna, akaanza kumsimulia mwenzake habari ya kiatu.

"Umesikia nini?" Kocha akaniuliza.

"Unyayo unakaa."

"Ehee." Akachora kitu mchangani kwa fimbo, akakifuta. "Umejifunzia wapi?"

"Kwenye saruji."

Hapo aligeuza shingo akaniangalia, kama siku ile ya kwanza, viatu kwanza, halafu uso. Nilidhani atanitania. Hakunitania.

"Haya," akasema. "Sema ulichojia. Dalali wako anaongea sana, mpaka wauza ubuyu wanajua. Kama ni kuhama tunahama. Tairi zinaviringika."

Maneno yangu yote yalikuwa tayari. Mambo ya mjini, watoto, karatasi za wakili. Nilifungua mdomo.

"Nimekuja kuangalia kama tairi zimeisha," nikasema.

"Hazijaisha."

"Basi nimepita tu."

"Umepita vizuri. Kesho alasiri uje, nyonga inanisumbua na masikio mawili hayatoshi. Na hilo goti nalo lije, kuna kuchuchumaa kwa wazee, bila mzigo."

"Mimi si mzee."

"Goti lako linasema nini?"

Nilimpigia dalali papo hapo, nikiwa nimekaa juu ya tairi, wasichana wakisikia. Akacheka kwanza. Halafu akakasirika. Halafu akasema kwa huruma kabisa, "Mzee wangu, umerogwa," na ndipo neno hilo lilipoanzia, kabla halijafika sokoni, kanisani na kwenye vijiwe vyote vya bajaji. Mnunuzi amepata kiwanja kingine, anajenga. Wakili hakurudisha kitu, dalali hakurudisha kitu, na sikuwadai. Nimejenga kijiukuta upande wa barabara kwa tofali zangu, nimeandika kwa rangi nyekundu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, KIWANJA HIKI HAKIUZWI. Alasiri nikiwa na nafasi nakwenda. Ninakaa, sigeuki. Bado ananiita tajiri.

Mnaotaka kucheka, chekeni na hesabu kamili, msiongeze wala msipunguze. Mnunuzi alikuwa atoe milioni mia moja arobaini na tano. Weka ya wakili na ya dalali iliyokwenda na upepo. Kumnyamazisha nyapara wa debe kumenigharimu shilingi milioni mia moja arobaini na sita, laki saba na elfu hamsini.